Mchagua Nazi

Masikio bado yananiwaka. Nilisimama sokoni Darajani, Unguja, mbele ya rundo la nazi, moja nimeisogeza sikioni naitikisa, mara muuzaji akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza pweza: "Vipi shekhe, anapokea?" Bi mmoja mwenye kikapu akadakia, "Mwambie akupigie baadae." Wakaangua kicheko hata wasiojua wanachekea nini. Soko lile limejengwa 1904, na sidhani kama limewahi kushuhudia mtu akifedheheshwa vile kwa ajili ya kitu cha kutia mchuzini.

Nikaiweka. Nikachukua nyingine, nikaigonga kwa kucha. "Sasa unapiga hodi?"

Basi akanichagulia yeye. Alinyoosha mkono bila kutazama, akatoa moja, akaipangusa kwenye shati, akanitia mkononi: "Shika hii, nenda zako. Mchagua nazi hupata koroma."

Kutikisa nazi si mikogo, ni elimu. Tunda la mnazi lina umri, na kila umri una jina lake. Likiwa changa kabisa ni kidaka, likikua kidogo ni kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo liitwe nazi. Dafu lenyewe lina daraja zake: kuna la kukomba, nyama yake laini unaikwangua kwa kipande cha kumbi, na kuna tonga, ambalo nyama imeanza kukaza. Dafu limejaa maji pomoni, ukilitikisa halisemi kitu. Koroma nalo bado lina maji mengi, husema kwa kujizuia. Nazi iliyopea imeshapunguza maji yake, ikabaki na nafasi ndani, na hapo ndipo maji hucheza ukayasikia waziwazi. Iache ikauke kabisa, nyama ibanduke kwenye kifuu, utasikia inagonga kavu: hiyo sasa ni mbata, peleka kwenye mafuta. Halafu kuna joya, ambalo mahali pa nyama mna kitu cheupe cha sponji, na nyumba yenye watoto hugeuka uwanja wa vita likitokea. Ukimaliza sauti unatazama macho yale matatu, maana jicho lenye unyevu ni dalili ya ufa au uozo. Mwenye kujua haya yote, atalishikaje rundo la nazi akanyamaza?

Nyumbani, shangazi aliipasua nazi ile ya muuzaji kwa kisogo cha panga, akakaa juu ya mbuzi, akakuna. Tui likatoka jepesi kama maji ya kunawia. Koroma tupu. Akanitazama kwa muda.

"Ulichagua mwenyewe?"

"La, nilichaguliwa."

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kukuna.

Tangu hapo nimekuwa nikiifikiria methali ile, na nina hakika imetungwa na muuza nazi. Itazameni vizuri. Anayelaumiwa ndani yake ni mnunuzi, kwa kosa la kutazama anachokilipia. Aliyelichuma koroma kabla ya wakati, akalichanganya na nazi, akalifunika, hatajwi. Nyingine isemayo mchagua jembe si mkulima nadhani ilitoka kwa mhunzi. Na wakati nawaza hayo, nimerudi sokoni, mgeni mwenye kofia ya ukindu alikuwa pale pale ninaposimama mimi kila siku, anatikisa nazi, muuzaji anamshikia kamera. Mgeni akitikisa nazi anapigwa picha. Mwenyeji akitikisa anapigwa methali.

Tena si nazi tu. Kwenye mitumba wanakuita wenyewe, chagua, chagua, na nikachagua shati ambalo mkono mmoja ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwa muuza nyanya huchagui kabisa, unauziwa fungu: nzuri zimekaa juu zinakutazama, zilizobondeka zimelala chini zinakusubiri.

Jioni mpwa wangu akaja na daftari. Wamepewa kitenzi cha Kiingereza cha kukariri, choose, chose, chosen, na kila sura aitungie sentensi ya Kiswahili. Sura tatu tu! Nikamwambia Waingereza wanabana matumizi. Sisi Unguja na Pemba tulichagua Januari 1961, viti 22, pande mbili zikatoka kumi na moja kwa kumi na moja, ikabidi tuchague tena Juni, na ghasia za Juni zikaondoka na roho za watu 68. Hiyo ni sura gani ya kitenzi? Tukachagua tarehe 25 Oktoba 2015, tukapanga foleni na wino tukapakwa kidoleni. Tarehe 28 matokeo yakafutwa, kwa hiyo tukawa hatujachagua, ingawa wino ulikuwa haujatoka. Tarehe 20 Machi 2016 tukaitwa tuchague upya, chama kikuu cha upinzani kikasusa, na mshindi akapatikana. Nijuavyo mimi, nazi ukishaipasua huirudishi sokoni. Kura inarudishwa, na huambiwi ilikuwa na ubovu gani ambao wewe mwenyewe ungeweza kuuona.

Mpwa alikuwa ameacha kuandika zamani. Akauliza ajaze nini kwenye mstari wa mwisho, ule wa chosen. Shangazi akajibu kutoka jikoni, kabla yangu:

"Andika: mjomba alichaguliwa nazi."