Muulize Mjomba: Nitaanza Jumatatu

Barua za safari hii karibu zote zinasema jambo moja: mazoezi tunayapenda, muda ndio hatuna. Mjomba, mwalimu mstaafu wa michezo ambaye filimbi yake haijawahi kutoka shingoni, amezisoma zote akiwa amesimama. Majina ya walioandika tumeyaficha. Visingizio vyao tumeviacha kama vilivyo.

*

*Shikamoo Mjomba. Nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa mbili usiku nikiwa hoi. Januari nililipia gym ya miezi mitatu, nikaenda mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa siku ya kulipa. Daktari anasema presha inapanda, nifanye mazoezi. Nitayafanya saa ngapi? Nimepanga kuanza Jumatatu. – Hoi wa Kimara*

Marahaba mpwa. Barua yako ina kurasa nne, mbele na nyuma, na mwishoni umeandika kwamba unaimalizia saa sita kasoro usiku, mechi ya Ulaya ikiwa kwenye dakika za nyongeza. Sikulaumu, hata mimi niliitazama. Ila tusidanganyane kwamba siku yako imejaa hadi juu.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Zigawe kwa siku saba, hazifiki 22. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuongea lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Zamani walikuwa wakisema dakika hizo zihesabiwe zikiwa kumi kumi mfululizo. Mwongozo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Ngazi za ofisini kwenu zimo kwenye hesabu, hata kama ni ghorofa mbili tu.

Sasa sikiliza. Asubuhi mwendokasi ukifika Fire, shuka. Kama umesimama tangu Kimara na kwapa la mwenzio liko usoni pako, hutajuta. Tembea hadi Posta kwa mwendo wa mtu aliyemwona mdai wake ng'ambo ya barabara. Ni dakika ishirini hivi. Jioni usiligombanie basi katikati ya njia. Tembea hadi Kivukoni linakoanzia, upandie hapo, huenda ukapata na kiti. Shati la pili liwe kwenye begi, viatu vya ofisini vilale chini ya meza yako. Raba za laki mbili si za lazima, na mtu wa kukupiga picha pia si wa lazima. Vidonge vya presha endelea kumeza mpaka daktari aseme vinginevyo. Kutembea hakukupi cheti cha udaktari.

Halafu hiyo Jumatatu. Barua yako imenifikia Alhamisi. Ijumaa ina kasoro gani?

*

*Mzee shikamoo. Mimi ni dereva wa daladala, Gongo la Mboto, mwaka wa kumi na nne niko kwenye usukani. Tumbo limefika kwenye honi. Konda wangu tunakula naye sehemu moja, chipsi mayai zile zile, yeye habadiliki. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani, narudi saa nne usiku, na hesabu ya tajiri haisubiri. Ni damu yake tu au kuna siri? – Usukani*

Marahaba. Swali lako liliulizwa London kabla wewe hujazaliwa, na aliyeliuliza alikwenda kulitafutia jibu kwa miaka. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa usafiri wa mji ule, maelfu kwa maelfu, wanaume wa miaka 35 hadi 64. Unayajua yale mabasi ya ghorofa. Dereva amekaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Mwajiri wao mmoja, mji wao mmoja, na basi lao ni lile lile. Mwaka 1953 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet: makonda walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata yaliwajia umri ukiwa umesogea zaidi. Wakatazama na watu wa posta. Huko nako wapeleka barua, wanaozunguka mitaani, walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa.

Wabishi hawakukosekana. Wakasema labda ni watu wembamba ndio wanaopenda ukonda, na wenye miili yao wanakimbilia usukani. Morris hakubishana kwa mdomo. Alikwenda kwenye kumbukumbu za sare, akaangalia vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana. Lakini ukimlinganisha mnene kwa mnene na mwembamba kwa mwembamba, konda bado alikuwa na nafuu. Habari hii naipenda kuliko zote: watafiti wa maradhi ya moyo wamefika mpaka kwa fundi cherehani kutafuta ushahidi. Morris mwenyewe alianza kukimbia enzi ambazo mtu mzima akionekana anakimbia London bila mwizi mbele yake, watu walimshangaa. Alifariki mwaka 2009 akikaribia miaka 100.

Konda wako hana ghorofa ya kupanda, ila kesho mchunguze. Kila kituo anaruka chini. Gari likiondoka analikimbilia hatua tatu nne, anadaka mlango, anagonga bati, anainama kuokota sarafu iliyobingirikia chini ya siti ya nyuma, anarudi mlangoni. Wewe katika muda wote huo umeusogeza mguu wa kulia kutoka breki kwenda mafuta.

Sikuambii uache usukani, watoto watakula nini. Nakuambia hivi: mkifika mwisho wa ruti mkasubiri zamu, najua kinachofanyika, kiti kinalazwa na simu inatolewa. Shuka. Zunguka stendi haraka haraka mpaka mpiga debe akuite. Ukirudi kagua tairi, na kila tairi uichuchumalie, usiichungulie kwa juu kama mkaguzi aliyekwishapewa chake. Deiwaka akikupokea gari, usikae siti ya mbele kumfundisha kazi. Mwombe konda akapumzike trip moja, simama mlangoni wewe. Abiria wakikucheka, wadai nauli.

La mwisho, na hili si utani: ukitembea kifua kikakubana, simama, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hesabu ya tajiri ina kesho.

*

*Mjomba, mimi ni mwanachuo hapa Mlimani. Nimenunua saa ya kuhesabu hatua, inataka hatua 10,000 kila siku. Usiku zinakuwa zimebaki kama 2,000, basi najilaza natikisa mkono mpaka zitimie. Inahesabika? – Mtikisaji*

Saa imehesabu, kwa hiyo kati yako na saa hakuna ugomvi.

Namba hiyo inayokunyima usingizi ilienezwa na biashara. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabia hatua na kuitumia namba hiyo kuvutia wateja. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 walitoa matokeo yao 2019: waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa tayari na nafuu kuliko waliotembea pungufu ya hapo, nafuu ikaongezeka na hatua, halafu ikatulia kwenye 7,500 hivi. Wewe si bibi wa Kimarekani, najua. Basi usishindwe na yeye. Umepelekwa kusoma kilimani, bado unasubiri gari la kukupandisha.

*

*Ofisini kwetu Dodoma tunafanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na fulana tunazo. Inatosha? – Mtumishi*

Mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wito mzuri, na hakuna mahali nilipomsikia akisema siku zilizobaki ziwe za kukaa. Nimeiona picha uliyoambatanisha. Bango lipo, viti vya mgeni rasmi vipo, maji ya chupa yapo katoni kwa katoni. Anayetoka jasho ni yule kijana wa vipaza sauti peke yake. Mwulizeni anafanyaje.

*

*Mjomba, mimi ni kiongozi katika klabu ya jogging, Temeke. Kila Jumapili alfajiri tunakimbia, nyimbo, vuvuzela, barabara yote yetu. Tukimaliza tunakunywa supu pamoja. Mbona tangu nijiunge nimeongezeka kilo? – Mweka Hazina*

Mpwa, umejibu swali lako katika sentensi ya tatu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anaunguza kilokalori 350 hivi. Chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote, na bakuli la supu bado halijafika mezani. Wala sijazitaja zile chupa ambazo huwa zinafunguliwa saa nne asubuhi “kurudisha maji mwilini”.

Hata hivyo sitaki mtu aicheke klabu yako. Sisi tuliolelewa kwa mchakamchaka hatukuulizwa kama tuna muda. Filimbi ililia, tukakimbia, na aliyekosekana alijulikana kabla jua halijachomoza. Kilichokuwa kinatutoa kitandani si afya, ni aibu. Watu wazima hawana mwalimu wa zamu, ndiyo maana wanahitaji wenzao wa kuwauliza “Jumapili ulikuwa wapi?” Na wapo watafiti walioona kwamba hata wanaokusanya mazoezi yao ya wiki nzima kwenye siku moja au mbili za mapumziko wanapata nafuu kubwa ya kiafya. Kwa hiyo kimbieni. Wewe kama mweka hazina una mamlaka moja muhimu: bajeti ya chapati. Ipunguze, uone nani rafiki wa kweli.

*

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu anasema nimenenepa, nitafute muda wa mazoezi. Tunakaa Mwanza, Mabatini, juu kabisa mlimani kwenye mawe. Alfajiri nashuka Mwaloni kufuata dagaa, nauza mpaka jioni, nikirudi nachota maji bombani chini, napandisha ndoo nne kabla ya kupika. Yeye saa hizo yuko kijiweni anacheza drafti. Niongeze mazoezi gani? – Mama Dagaa*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, maana ya kwanza ilinichosha.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukiipandisha mlima wa mawe mara nne, mwili wako hauulizi kama umevaa kanga au suti ya michezo. Mapigo yamepanda, mapaja yamefanya kazi, na ule mwongozo wa dunia unazihesabu kazi za nyumbani na za kujipatia riziki pamoja na michezo. Dakika zako 150 unazimaliza Jumanne.

Lakini ngoja. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kazi nzito ya kutwa, isiyo na pumziko, haiusaidii moyo vile ambavyo mazoezi ya hiari yanausaidia. Kwa hiyo unachokosa wewe si jasho. Unakosa nusu saa ambayo hakuna anayekudai kitu. Itafute hiyo. Shuka na jirani yako hadi ziwani jioni, mikono mitupu, kichwani hakuna beseni, mkisengenya mnavyotaka. Kama uzito umepanda ghafla na huelewi sababu, pita kituo cha afya wapime sukari na presha. Usipimwe na mcheza drafti.

Na maji nani atachota? Barua yako inaonyesha kuna mwanamume mzima hapo kijiweni, anajali sana afya, na jioni zake ziko wazi. Mpe ndoo mbili kati ya zile nne. Usimwambie ni kazi ya nyumbani, mwambie ni programu. Akijitetea kwamba hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupumzika kutwa, usimbishie, ni kweli: watafiti waliowapima waliona wanapumzika karibu saa 10 kwa siku. Ila sehemu ya muda huo wanapumzika wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu ikiwa bado kazini. Basi mwondolee benchi. Drafti achezee hapo chini, amechuchumaa, hadi kete ya mwisho.

*

*Kutoka kwa Mjomba:* Aliyeuliza kama kupiga miayo ni mazoezi ya taya hatajibiwa. Barua za toleo lijalo ziletwe kwa mkono. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Lifti ni nzima, ila mlinzi nimeshampanga.