Kompyuta Haijui Shikamoo

Nimepata chuo. Msinipongeze kwanza, subirini tujue nalala wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, mwenye diploma yangu na kipara changu. Nimeomba shahada, nimekubaliwa. Mwajiri ametoa ruhusa, mama watoto ametoa baraka, wanakwaya wenzangu wamenichangia beseni na ndoo yenye mfuniko. Kila kichochoro cha Makanyagio ninachopita naambiwa hongera. Hakuna hata mmoja anayeuliza swali la msingi: mwanaume wa miaka arobaini na ushee, mwenye mgongo unaotabiri mvua kabla ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, atapangwa chumba kimoja na nani?

Maana chumba ni cha kuchangia, hilo halina mjadala. Fomu ya kujiunga imesema mwanafunzi atakayebahatika atapewa kitanda. Haikusema chumba. Kitanda! Na kitanda chenyewe ni cha deka, mmoja chini, mwingine juu yake. Jina la chuo silitaji. Hicho kitanda sijakipata bado, na sitaki kukikosa kwa sababu ya mdomo.

Jirani yangu, mstaafu wa reli, amenicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, kwani wewe ulizaliwa na chumba chako? Kwenye treni ya hapa kwenda Tabora, daraja la pili, watu sita walikuwa wanalala chumba kimoja na hakuna aliyekufa." Nikamwambia mzee wangu, treni ina mwisho. Reli yetu hii Waingereza waliitandika kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya kunifariji mimi, lakini walau ukipanda unajua utashuka. Ukipangwa na mlevi, asubuhi anateremka Kaliua na mfuko wake mnaachana salama. Shahada ni miaka mitatu.

Lakini amenigusa penye ukweli. Sikuzaliwa na chumba. Kwetu Nsemulwa wavulana wote tulilala chumba cha uani, na wageni wakija kutoka Inyonga tuliongezeka bila chumba kuongezeka. Ila palikuwa na katiba. Mkubwa analala upande wa ukutani. Mdogo ambaye bado anakojoa analala karibu na mlango. Mjomba akifika, kitanda chote ni chake, ninyi mnashuka mkekani bila kuitisha kikao. Kibatari kinazimwa na mkubwa, hata kama bado unasoma. Nani atangulie kuoga, hilo liliamuliwa siku mliyozaliwa. Mliminyana, mlipigana mateke, lakini kila teke lilijua linatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Chuoni hakuna mkubwa. Kuna mfumo. Unaingiza namba yako, unapewa namba ya malipo, unalipa, kisha mfumo unakutupa unapotaka wenyewe. Mfumo unajua jinsi yako, mwaka wako wa masomo na kozi yako. Haujui kwamba una mtoto yuko kidato cha tatu. Haujui kwamba hapa Mpanda, kutoka nyumbani kwangu mpaka sokoni Buzogwe, naitikia marahaba mpaka koo linakauka. Kompyuta haijui shikamoo, na hiyo ndiyo kompyuta inayonichagulia watu wa kulala nao.

Basi nimeanza kupiga hesabu za asubuhi ya kwanza. Chumba cha watu wanne: mimi na vijana watatu wa miaka ishirini. Tukiamka, shikamoo tatu kabla sijapata mswaki wangu. Tukirudi kutoka darasani, nyingine. Mtu anakwenda chooni usiku, anarudi, ananikuta macho: shikamoo, marahaba, saa tisa ya usiku. Hiyo ndiyo hali nzuri. Hali mbaya ni wakizoea. Wiki ya pili mmoja ataanza kuniita "mzee baba". Wiki ya tatu itakuwa "oya". Kabla ya mitihani ya kwanza, kijana ambaye ningeweza kumfundisha kusoma ataniambia, "Mwanangu, nipasie chaja." Mimi! Mwanangu!

Kisha suala la kitanda cha chini. Adabu inasema mzee alale chini. Mfumo unasema anayewahi ndiye mwenye haki. Treni na basi kutoka Mpanda havijawahi kumsaidia mtu awe wa kwanza kufika popote, kwa hiyo nimekwisha kujiona nikipanda ngazi ya chuma usiku, mkono mmoja umeshika chandarua, mwingine umeshika kiuno. Na nikipata cha chini, juu yangu atakuwa kijana anayening'iniza miguu huku akibeti mechi za Ulaya. Akikosa timu moja kwenye mkeka wake, kitanda chote kitatikisika, na mimi ndiye nitakayeshtuka.

Mama watoto anasema nakoroma. Hayo ni maneno yake, hana ushahidi. Vijana wa leo wanao, upo kwenye simu. Watanirekodi usiku, na asubuhi nitajisikia nikinguruma kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima, chini yake vicheko na vikatuni vya machozi. Nitakaaje kikundi kimoja cha majadiliano na watu hao?

Na mizigo yangu? Nimeandaliwa mchele wa Mwamkulu, asali ya Inyonga, na migebuka mikavu kutoka Karema. Fomu inakataza kupika chumbani. Sawa, sitapika. Lakini mgebuka hauhitaji moto ili ujulikane. Siku nitakayofungua lile begi, bweni zima litajua Ziwa Tanganyika liko upande gani, na nina hakika mwenzangu mmojawapo atakuwa na chupa ya manukato ya kunijibu.

Msidhani natishika bure. Mtu wa Katavi anajua maana ya kubanana. Nendeni Sitalike mwishoni mwa kiangazi, pale Mto Katuma unapokuwa umebaki madimbwi ya tope, au ingieni hifadhini mpaka Ikuu. Viboko wamebanana kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wanaguna, madume yanararuana, na habari za usafi wao siandiki kwa sababu wengine mnasoma mkila. Watalii wanalipa dola kuja kuangalia. Kila kiboko wakati wa masika alikuwa na nafasi yake. Maji yalipopungua, ndipo wakapangiwa chumba. Usiku hutoka kwenda malishoni, kila mtu na njaa yake, na alfajiri hurudi palepale kubanwa. Sasa tazameni kalenda. Vyuo vyetu hufunguliwa Oktoba au Novemba, majuma yaleyale ambayo viboko wa Katavi wamebanana kuliko wakati wowote. Tofauti ni moja tu: mvua zikikolea, kiboko anajiondokea. Mimi niko humo mpaka Julai.

Tena msidhani chumba cha watu wanne ni cha watu wanne. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana mila yao ya kubebana. Aliyepata kitanda anambeba aliyekosa, wanalala wawili pa mmoja, kwa siri ambayo kila mtu anaijua. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais Magufuli alizindua hapo mabweni 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, yaani watu 192 kila jengo, na nchi nzima ikashangilia. Hata mimi nilishangilia, niko mbali Mpanda, sijui kwamba siku moja itanihusu. Lakini wanaodahiliwa wanaongezeka kila mwaka kuliko magodoro, na sijasikia popote kwamba kubebana kumekufa. Kwa hiyo mfumo ukikupangia watatu, jiandae kwa sita, na hao wa ziada hawana hata namba ambayo ungeitumia kuwashitaki.

Enzi za Mwalimu Nyerere ningepata wenzangu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu asitoke sekondari akaingia chuo kikuu moja kwa moja: akafanye kazi kwanza, apate na pendekezo la chama. Vyuoni wakaingia watu wazima, wenye wake, watoto na dawa za vidonda vya tumbo. Hapo hata ukipangwa na usiyemjua, mnakoroma kwa zamu na hakuna wa kurekodi. Baadaye utaratibu ukaachwa, vijana wakaruhusiwa kutoka kidato cha sita moja kwa moja, na sisi tuliochelewa tumeachiwa ngazi ya chuma.

"Kapange geto mtaani," ananiambia mwalimu mwenzangu wa zamu. Kwa fedha ipi? Bodi ya Mikopo haimkopeshi mwombaji aliyevuka miaka 35. Wenzangu wa chumba watapata bumu, shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Mimi nitakuwa na mshahara uleule, ambao ukiingia unakuta SACCOS imekwisha kukaa sebuleni inausubiri. Siku bumu linatoka, nitawatazama wakila chipsi kuku, nami na mgebuka wangu. Siku bumu limekwisha, watageuka wote watatu na heshima itarudi ghafla: "Shikamoo mwalimu. Naomba uniazime elfu tano."

Mwingine kaniambia nisome hapahapa nilale nyumbani, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wana Kampasi ya Mizengo Pinda katika mkoa wetu. Wanayo, na nyuki wanafundishwa huko. Mimi nasomea ualimu wa Kiswahili. Siwezi kubadili fani kwa sababu ya mto na shuka.

Aliyeninyima usingizi kabisa ni mama watoto. Alinisikiliza siku moja nikilalama tangu uji hadi ugali, akaweka mwiko chini. "Baba, si ndivyo mnavyowafanyia watoto wa watu?"

Nikajua anakokwenda. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto walimiminika shuleni mpaka nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya madawati. Dawati la watatu nililiwekea wanne, wa tano nikamkalisha ncha. Sikumwuliza mtu anapenda kukaa na nani. Mkorofi nilimweka na mpole ili apoe, mpole akaharibika. Mwenye mafua nilimweka na asiye nayo, kesho yake wakawa wawili. Walipolalamika nilikuwa na jibu moja kwa darasa zima: songeaneni.

Nikamjibu mke wangu kwamba kuna tofauti. Dawati lina kengele. Saa nane mchana kila mtoto anakwenda kwao, anamsahau jirani yake mpaka kesho. Chumba cha bweni hakipigiwi kengele. Yeye akachukua mwiko wake, akaendelea na ugali, na huo ndio ukimya wa mtu aliyeshinda kesi.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Orodha ya waliopangiwa vitanda imetoka. Nimeipitia kwenye simu, intaneti ya kwetu ikija na kuondoka, kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu kinyumenyume. Sipo. Nikaingia kwenye mfumo wenyewe. Ukaniambia vitanda vimekwisha, nijaribu tena baadaye. Fikirini hasara hiyo. Majuma yote haya nimekuwa nikigombana na vijana watatu ambao sijapewa. Nimekwisha kuwasamehe manukato, nimewasamehe kubeti, yule wa "mwanangu" nilikuwa nimeanza hata kumzoea, kumbe hawapo!

Usiku huo ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni kijana niliyemfundisha darasa la saba mwaka uleule wa madawati, sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni hapo hapo. Habari za Mpanda zinasafiri haraka kuliko treni yake.

"Shikamoo mwalimu. Nimesikia umekosa kitanda. Mimi nimepata, usiwe na shaka, nitakubeba. Tulikuwa watano dawati moja ukatuambia tusongeane. Na hapa tutasongeana."

Nimeusoma mara nyingi kutafuta kejeli, sijaiona. Kijana ana adabu, nilimfundisha mwenyewe. Nimemjibu: marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Kisha nikamwuliza, kwa upole wote wa mtu asiye na kitanda, kama ni cha chini au cha juu.