Mwongozo kwa Kijana wa Shella Aliyeitwa Kupokea Wageni wa Misheni

Simu itaingia mwezi wa Mei. Kusi inavuma, hoteli nyingi za ufuoni zimefunga, Waitaliano wamerudi kwao na wewe huna hata mtu wa kumpeleka Gede. Atakayepiga ni menja wa makao ya watoto nje kidogo ya mji wa Malindi, mtu mpole, anayekuita ndugu yangu kabla hujamtajia jina. Kuna timu ya kanisa inatoka Marekani mwezi wa Juni, watu kumi na wanane, wiki mbili, kuja kujitolea kwa mayatima. Wanataka kijana wa kutembea nao na kuwatafsiria. Malipo ni ya kutwa, chakula juu yao. Kama unajiuliza umwambie au usimwambie kwamba wewe ni Mwislamu, umesomea chuoni kwa maalim hatua chache kutoka msikiti wa Juma, usijisumbue. Anajua. Anachotaka ni Kiingereza chako na, kama utakavyoona, kunyamaza kwako.

Kazi yenyewe ni ya kale hapa mtaani. Mwaka 1542 padri Francis Xavier, akielekea Goa, alishuka Malindi siku chache, akamzika mtu wa merikebu yao aliyefia safarini, akaendelea na safari. Kile kikanisa chenye paa la makuti pale makaburini ndicho kinachobeba jina lake. Katika barua yake aliandika kwamba mkubwa mmoja wa mji alimlalamikia kuwa kati ya misikiti 17 ni mitatu tu inayoswaliwa, tena na watu wachache. Mwone mzee huyo: mgeni hajamaliza kunywa maji, mwenyeji keshamfunulia aibu ya nyumbani. Wewe ukithubutu hivyo kwa wageni wa Juni, siku ya pili hutaitwa. Xavier, kwa upande wake, hakupaka ukuta wowote rangi, na kwa hilo tumshukuru.

Siku ya kuwasili

Wageni utawajua kwa fulana za rangi moja zenye aya ya Biblia mgongoni. Watauliza bahari ya buluu waliyoiona pichani iko wapi. Waeleze kuwa Mto Sabaki unashusha udongo wa bara kila mvua ikinyesha, na kwamba buluu wataiona Watamu siku ya mapumziko, ambayo kwenye ratiba imeandikwa "kutafakari". Usicheke. Kila safari ya kheri ina siku ya kutafakari, na siku hiyo hutafakariwa ndani ya mashua ya vioo.

Watauliza pia mbona watoto wako nyumbani asubuhi ya Jumanne. Swali zuri. Marekani shule zimefungwa Juni, ndiyo maana wamekuja. Kenya ni katikati ya muhula wa pili, ndiyo maana mwalimu wa darasa la nne ameletewa kikaratasi kisemacho watoto fulani hawatafika kwa sababu ya wageni. Jibu lililozoeleka ni kwamba watoto "wameruhusiwa". Ni kweli. Aliyewaruhusu ni menja.

Watoto wanatoka wapi

Hapa uwe makini, maana wewe ni wa Shella na utashangaa kuona kwamba hakuna mtoto wa Shella. Si kwamba kwetu baba hawafi. Bahari inachukua watu, na bodaboda zinachukua wengi zaidi. Lakini mtoto akifiwa, husogezwa milango mitatu tu: kwa ami, kwa khalati, au kwa nyanya ambaye tangu awali ndiye aliyekuwa akimlisha. Adhuhuri inamkuta kwa fulani, anakula hapo. (Sisemi Shella ni pepo. Kuna watoto wanaolelewa kwa makofi na masimango, na sote tunazijua nyumba zenyewe.) Sheria ya Watoto ya 2022 imeutambua mpango huu: imetaja malezi ya jamaa, na kwa Waislamu imetaja ulezi wa kafala kwa jina lake. Hakuna mgeni aliyewahi kupigwa picha na kafala.

Kwa hiyo makao hutafuta watoto bara, kule Ganze, Bamba na Marafa, ambako mvua ikikosa misimu miwili mama huwa na hesabu nyingine kabisa kichwani. Mtu aliyevaa vizuri huja na gari na kumwambia: huyu wa tatu nipe, atasoma, atakula mara tatu, utamwona likizo. Mama anatia dole gumba kwenye karatasi. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye taasisi za aina hii duniani wana mzazi mmoja aliye hai au wote wawili. Wewe hukuhitaji ripoti. Umewaona mama zao Jumapili, wamekaa chini ya mwarobaini nje ya geti, leso mbili mbili, wakingoja wageni waende kanisani ndipo waingie.

Kutafsiri

Hii ndiyo kazi hasa, na humo ndimo wengi huteleza. Mtoto wa miaka minane, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya picha, atamwambia mgeni aliyempakata: "Mamangu atakuja Jumapili, ataniletea mabuyu." Mgeni atakugeukia kwa macho ya huruma akitaka kujua mtoto amesema nini. Menja pia atakugeukia, kwa macho mengine.

Mtafsiri mzoefu husema: anasema anapenda mabuyu. Mgeni hufurahi, hutoa pesa, unatumwa mjini kwa tuktuk kununua mabuyu mekundu ya pakiti, mtoto anakula mpaka ulimi unakuwa kama damu, na kila mtu ametendewa wema. Mtafsiri mgeni wa kazi, ambaye hajasoma mwongozo huu, hutafsiri alichosikia. Basi mgeni huuliza, "Mama yupi?", na menja hucheka na kueleza kwamba watoto hawa humwita kila mtu mama, maskini. Jioni hiyo bahasha yako huwa nyembamba.

Kuna faili pia. Kila mtoto ana ukurasa wake wenye picha, umri, ndoto yake (rubani au daktari, hakuna anayetaka kuuza samaki), na historia: baba alifariki, mama alifariki au hajulikani aliko. Utaombwa uisome kwa sauti huku mtoto mwenyewe amesimama kando yako. Wengine huiboresha kwa mikono, wakishika kifua mahali panapofaa. Mimi naona hapa ndipo kijana wa Shella mwenye staha hushindwa kumeza mate. Mtoto anajua Kiingereza kiasi cha kufuata, kwa hiyo anasikia mamake akizikwa mbele ya wageni, kisha anapigiwa makofi.

Ibada ya jioni ni nyepesi zaidi. Utatafsiri mahubiri, utasema "Bwana asifiwe" kwa sauti, na ami yako atakuwa amepata habari kabla hujafika nyumbani. Mwambie ilikuwa kazi. Atakuuliza walilipa ngapi, na mtaelewana.

Rangi

Wageni watapaka rangi bweni la wavulana. Lilipakwa Novemba na timu nyingine, lakini kijani cha Novemba hakilingani na fulana za Juni. Fundi halisi, baba wa watoto wanne kutoka Kisumu Ndogo, atakuwa amekaa kibarazani kwa jirani akisubiri jua lizame arekebishe pembe na kufuta sakafu. Anasema hajawahi kupata kazi rahisi kama ya kuharibiwa na watu wazuri. Msalimie vizuri, ndiye mtu pekee pale atakayekwambia ukweli kuhusu menja.

Maswali ya kuepukwa

Usiulize cheti cha usajili. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na makao haya, ukiangalia jiwe la msingi pale langoni, ni mapya kuliko hapo. Usiulize amri ya mahakama, ingawa mtoto anatakiwa awe nayo ndipo awekwe kwenye makao. Usiulize kuhusu mkakati wa kitaifa wa 2022 mpaka 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia, maana menja ana mkakati wake wa miaka hiyo hiyo, na una bweni la pili ndani yake.

Usiulize kibali cha wageni. Wameingia kwa idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, wakajiandika watalii. Kujitolea, hata bila senti, kunataka kibali cha Uhamiaji, ambacho hakuna aliyekitaja kule kanisani kwao kwa sababu hakuna aliyejua, na huku hakuna aliyewaambia kwa sababu tulijua.

Na hasa usiulize cheti cha tabia njema. Wewe ulipotaka kazi ya kubeba sahani hotelini uliambiwa ulete cheti hicho kutoka polisi, ukapigwa alama za vidole kumi vyote, ukasubiri. Mwanamume mzima aliyeshuka juzi, ambaye hakuna mtu Malindi anayejua jina la babake, leo usiku atawasomea watoto hadithi bwenini na kuwafunika shuka. Wengi wao ni watu wema kabisa, na hilo ndilo linalofanya wasihisi haja ya kuthibitisha. Gregory Dow naye alifika kama mtu mwema: Mmarekani kutoka Pennsylvania, yeye na mkewe walifungua makao ya watoto Bomet mwaka 2008, akakimbia nchi 2017 wasichana waliposema alichowafanyia, akahukumiwa kwao Februari 2021 kifungo cha miaka 15 na miezi 8. Bomet ni mbali, utaambiwa. Pwani tuna ripoti yetu wenyewe, ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006, iliyokadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani wanaotumiwa kingono na watalii na wenyeji. Tena tuna Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa pasta mmoja, ya watoto ikiwemo. Tangu hapo mji huu umejifunza kuuliza watoto walio kwa pasta ni wa nani. Menja alisikia. Mwaka huo aliongeza ukuta futi tatu.

Mgeni akikuuliza kama kuna mtu duniani anayepinga safari hizi, sema hujasikia. Usimtajie kwamba Australia, ilipopitisha sheria yake ya utumwa mamboleo mwaka 2018, ilitambua kuwa kuna watoto wanaoingizwa kwenye makao kwa ajili ya biashara, wala kwamba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliuonya ulimwengu Desemba 2019 kuhusu wanaojitolea kwenye makao ya watoto. Atakosa usingizi, na amelipia chumba chenye kiyoyozi.

Hesabu

Kuna dada mmoja kwenye kila timu, mara nyingi mwalimu au muuguzi, ambaye siku ya nane huacha kucheza na kuanza kuhesabu. Atakuvuta pembeni akuulize: mama wa bara angehitaji kiasi gani ili asimtoe mtoto? Huyu ni hatari kuliko afisa wa watoto. Ukimjibu, mwambie kwamba serikali chini ya mpango wa Inua Jamii huipa familia yenye mtoto yatima au aliye hatarini shilingi 2,000 kwa mwezi, zikichelewa huja kwa mkupuo, na kwamba familia hushikilia pesa hizo kama kamba ya jahazi. Nauli yake ya ndege ya kuja na kurudi ikifika laki moja na nusu, hiyo ni zaidi ya miaka sita ya pesa hizo, kwa mtoto aliye kwao, anayelala na ndugu zake. Ataizidisha mara kumi na nane mwenyewe. Wazungu hawashindwi na hesabu. Kisha atakuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kabla hajaja.

Hilo usilijibu haraka. Anayepangisha kiwanja ni mtu wetu. Dereva ni mtu wetu, muuza mchele ni mtu wetu, aliyeandika barua ya chifu ni mtu wetu, na mwenye Kiingereza kizuri ni wewe.

Kuaga

Watoto watalia. Walilia Novemba pia, na Agosti ya mwaka jana. Angalia wale wadogo, wanavyorukia mapaja ya mtu waliyemjua jana. Wageni huona upendo. Mama wa Shella angeona mtoto anayetaka kutazamwa vizuri, kwa maana wa kwake akipitiwa na mgeni hujibana nyuma ya buibui mpaka mgeni apite.

Malipo yako dai kabla basi halijaondoka, kwa M-Pesa, si kwa bahasha. Baada ya hapo menja hapokei simu mpaka timu ijayo. Nambari 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure na hupokewa usiku na mchana. Ukiihifadhi kwenye simu, iandike kwa jina la fundi wa friji, kwa sababu menja ana tabia ya kuazima simu za watu. Ofisi ya watoto hapa Malindi hufunguliwa asubuhi siku za kazi. Nenda na majina mawili matatu ya watoto na vijiji vyao, kama ulivyoyasikia chini ya mwarobaini. Afisa atakuuliza umeyajuaje.