Nani Anakula Uniti?

Kwenye nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, mtuhumiwa wa kwanza siku zote ni mwenye televisheni. Wa pili ni mwenye simu mbili. Mwenye hita ya kutumbukiza kwenye ndoo hatajwi kabisa, kwa sababu hita haina sauti, haina taa, na mwenyewe huilaza uvunguni.

Sisi tuko Mbeya, na Mbeya ya Juni si mahali pa kuoga kwa ushujaa. Baridi ilipoingia, uniti zikaanza kuyeyuka. Tulikuwa tunachanga sawa kwa sawa, kwa hiyo kila mmoja alijiona ndiye anayeibiwa. Mama mwenye nyumba akaitisha kikao koridoni. Dada wa saluni akasimama na kumnyooshea kidole kijana wa chumba cha nyuma: anachaji simu usiku kucha! Mweka hazina wetu wa LUKU, mtu mzima mwenye sauti nzito, akaunga mkono kwa kutikisa kichwa.

Mimi, kwa kuwa navaa miwani, nikapewa kazi ya kukokotoa. Nikasoma maandishi ya chaja: volti 5, ampea 1. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati, basi simu inapokea wati 5. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Ili simu ile imalize uniti moja, ikae kwenye chaja saa 200 mfululizo. Dada wa saluni akauliza kijana amenipa shilingi ngapi.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa chumba cha mbele. Alisema tuache mambo ya taa na simu, tutafute kinachotoa joto, kisha akauliza kwa upole ni nani ambaye bafu huwa linafuka mvuke akitoka saa kumi na moja alfajiri. Kimya. Hita ikatolewa uvunguni mwa mweka hazina, kutu imekula maandishi yote.

Fundi akaitwa. Alikuja na kile kimita chenye mdomo wa kubana waya, akaibana kebo ya ekstensheni huku hita ikiwa ndani ya ndoo. Sifuri. Akakitikisa kimita, akabadilisha betri. Sifuri. Mweka hazina akasimama. "Jamani, mmeona wenyewe. Haili kitu."

"Fundi," mwalimu akasema, "umebana nyaya zote mbili. Umeme unaokwenda na unaorudi ni ule ule, kwenye kimita unafutana. Bana mmoja."

Fundi akajibu kwamba analijua hilo, alikuwa anatupima sisi. Akazima umeme, akachana ganda la nje la kebo, akatenga waya mmoja, akarudisha umeme, akabana. Ampea 6.5. Soketi ilisoma volti 230. Zidisha: wati 1,495. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani ni omu 35 na ushei. Kwa ndoo ya lita 20, kutoka maji ya baridi ya nyuzi 18 hadi ya nyuzi 42, hiyo ni nusu uniti na zaidi kila anapooga. Umeme huo ungewasha balbu ya wati 9 usiku na mchana kwa siku mbili na nusu.

Mweka hazina akakata rufaa: kimita kilichosema sifuri hakiwezi kuaminiwa kikisema 6.5. Sawa. Hita ikachomolewa, ikapoa, fundi akapima omu moja kwa moja. Zikaja 35 zile zile. Ingekuwa balbu ya zamani ya waya hesabu isingekubali, maana ile ikiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu ya kumi tu ya ule wa inapokuwa inawaka. Waya wa hita haugeuki sana.

Akabakiwa na utetezi mmoja, na nakiri ulikuwa wa mtu aliyefikiri. Jioni umeme wa mtaa wetu huwa mdogo, volti 180 hivi. Yeye basi atakuwa anapasha jioni, ale kidogo. Nikapiga hesabu: 180 mara 180, gawanya kwa omu za hita, ni wati 915. Kweli zimepungua! Ila maji yaliyochukua dakika 22 sasa yanachukua 37, na uniti ni zile zile, pamoja na joto linalopotea ndoo ikisubiri. Dada wa saluni alicheka hadi akashika ukuta, mpaka nilipoomba draya anayokaushia wateja wa Jumapili chumbani kwake. Imeandikwa wati 2,000. Tangu hapo hanisalimii.

Najifariji na Mjerumani Georg Ohm, mwalimu wa Köln, aliyechapisha hesabu hizi mwaka 1827, wenzake wakazipuuza hadi akaacha kazi. London walikuja kumpa nishani ya Copley mwaka 1841. Mimi nangoja tu kusalimiwa.

Mama mwenye nyumba aliagiza kila chumba kifungwe mita yake ndogo, kwa gharama ya mpangaji. Kijana wa simu ndiye anayelipa kidogo kuliko wote. Mweka hazina siku hizi anachemsha maji kwa mkaa, na mkaa ananunua kwa pesa yake.