Tangi la Mia Tatu

Kangari nzima sasa inajua kwamba gari langu linakula chakula cha ng'ombe. Aliyenitangaza ni mama wa agroveti. Niliingia dukani kwake asubuhi, nikaagiza lita tano za molasi, naye akataka kujua ng'ombe ni wangapi ili anishauri kipimo. Nikamwambia si ya ng'ombe. Basi ni ya mbuzi? Hapana. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeshaota, watu wa chumvi ya mifugo na dawa ya kupe, na wote wakanyamaza ghafla wakijifanya wanasoma bei ukutani.

"Ni ya tangi la gari," nikasema.

Mama akauweka mtungi chini polepole. "Guka," akaniambia kwa ile sauti wanayotengewa wagonjwa, "nyumbani wanajua umekuja hapa?"

Kufikia saa sita, kijana wa bodaboda ambaye sijawahi kumwona maishani alinisimamisha stejini kuniuliza kama Land Rover imeshakamuliwa leo au bado.

Wanaocheka hawakuwepo ile Jumamosi ya ruracio. Wangekuwepo, hiyo molasi wangeninunulia wao.

Tulikuwa tunapeleka mahari Kinyona, na katika msafara ule wenye riboni gari langu ndilo lililobeba vitu vya maana: mbuzi, kreti za soda, magunia, na wazee waliotegemewa kusema. Lilipewa heshima hiyo kwa sababu mvua ikinyesha, mlima ule huzichagulia Probox mtaro wa kulala. Tulianza vizuri. Nilipita mbili zilizokuwa zinateleza, nikazipigia honi kwa unyenyekevu wa uongo. Tulipokata kona inayofuata injini ikakohoa, ikajikaza, ikakohoa tena, ikazima katikati ya mlima, mahali pembamba pasipopisha hata mkokoteni.

Wazee wakashuka na suti zao na fimbo zao. Mmoja akasema plagi. Mwingine akasema koili. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema kuna hewa kwenye mpira wa mafuta, na kwa jinsi alivyolisema ungedhani amelifundisha jambo hilo chuo kikuu. Mchungaji akaiombea boneti. Mimi nikapiga stata mpaka betri ikaanza kunijibu kwa huzuni.

Kusukuma Land Rover kupanda mlima ni jambo la kujadiliwa tu, halitendeki. Ikabidi isukumwe kurudi nyuma. Na ili irudi nyuma, ilibidi msafara mzima urudi nyuma kwanza, kuanzia gari la mwisho kabisa, ambalo dereva wake alikuwa ameshuka kujisaidia kwenye majani chai. Bodaboda zikaja kuiokoa mahari. Mbuzi wa kwanza akaondoka amepakatwa baina ya dereva na abiria, akitutazama kwa dharau. Wa pili akaruka, akaingia shamba la mtu, na vijana waliovaa viatu vya sherehe vilivyochongoka wakamfuata kwenye mistari ya chai wakianguka kwa zamu. Akina mama wa kanisa walifunga leso viunoni, wakashika nyuma ya gari, wakaanza wimbo.

Kisha mtoto mmoja, wa darasa la nne pengine, akapanda kwenye kiti changu na kuzungusha ufunguo kwa mchezo. Injini ikawaka mara moja. Haikukohoa wala kusita, ikanguruma kwa afya tele.

Wimbo ukakatika. Watu wote wakanigeukia. Gari likikataa kabisa watu hukuhurumia; likipona lenyewe mbele ya mashahidi, unakuwa mshtakiwa. Na kwa kuwa shetani hafanyi kazi nusu, lilizima tena mbele kidogo, likapumzika, likawaka. Langoni, akina mama wa upande wa pili walikuwa wamefunga lango wakiimba, na kuchelewa kulikuwa na faini yake. Msemaji wetu ni mtu mwenye methali ya kila tukio. Siku hiyo hakutafuta methali. Alininyooshea kidole, nikalipa faini kwa M-Pesa pale pale nimesimama kwenye matope.

Sasa, ugonjwa huu una akili, na ukiuelewa unaweza hata kuuheshimu. Ndani ya tangi kuna bomba linaloshuka mpaka karibu na sakafu, na mdomoni mwake kuna wavu mwembamba. Pampu inayoendeshwa na injini hunyonya petroli kupitia wavu huo. Tangi likiwa na kutu, magamba ya kutu hulala sakafuni kwa amani. Ukianza kupanda mlima, injini inadai mafuta mengi, mvuto unaongezeka, mashimo ya barabara yanatikisa tangi, na magamba yanainuka kujibandika kwenye wavu, kama majani yanavyoziba kichujio cha chai. Petroli inapungua, kabureta inakauka, injini inazima. Lakini injini ikizima, pampu nayo inalala. Mvuto unaisha, magamba yanauachia wavu, yanarudi chini. Njia iko wazi. Washa, uende zako, mpaka yatakapopanda tena.

Maana yake ni kwamba dawa pekee ya pale barabarani ni kungoja. Na mtu yeyote atakayefanya jambo lolote wakati huo wa kungoja ataondoka akiamini ni yeye aliyeponya gari. Mtoto yule sasa anaitwa fundi na shangazi zake. Mchungaji ameutaja muujiza madhabahuni. Yule mzee wa hewa kwenye mpira amekuwa mshauri wa magari wa kijiji kizima, na watu wanampelekea kuku.

Kinachokera zaidi ni kwamba mwili wa gari lenyewe haujui kutu. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita, huku alumini ikipatikana kwa wingi. Basi milango, fenda na boneti vikatengenezwa kwa alumini. Ndiyo sababu utaona Land Rover imetelekezwa nyuma ya kiwanda cha chai tangu enzi za Mzee Kenyatta, kuku wanataga ndani, na mlango bado unang'aa ukiufuta kwa kiganja. Lakini chasisi ni chuma, na tangi ni bati la chuma. Langu ni la lita 45, nalo linakaa chini ya kiti cha dereva. Yaani gari limevikwa nguo isiyooza, kisha likapewa tumbo la bati, na mwenye gari akawekwa kulikalia.

Maji yanaingiaje ndani ya tangi lililofungwa? Nilimuuliza fundi wangu wa magari, naye akanijibu kwa kuuliza usiku tunalala na blanketi ngapi. Kangari iko mlangoni mwa msitu wa Nyandarua. Ukungu hapa hauji, unaishi. Mchana hewa iliyo ndani ya tangi hupata joto na kutanuka. Usiku hupoa na kusinyaa, na tangi huvuta hewa ya nje kupitia tundu dogo la kupumulia, hewa ya ukungu. Unyevu huo ukigusa bati baridi unageuka matone. Matone hushuka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hujipenyeza chini yake na kukaa sakafuni, mahali ambapo hayataguswa na jua milele. Huko ndiko kutu inakoanzia. Tangi lililojaa halina nafasi ya kuvuta hewa hiyo. Petroli haina kosa lolote. Kutu inalelewa na ile sehemu iliyo tupu.

Utupu huohuo ndio unaoua mafundi. Watu hudhani tangi lililojaa ndilo la kuogopwa. Ukweli ni kwamba mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ukizidi hapo hewa haitoshi kuuwasha, ukipungua mvuke hautoshi. Tangi lililomwagwa mafuta jana, likabaki na harufu tu, linaweza kukaa katikati kabisa ya kipimo hicho. Ndiyo maana kijana mwanafunzi alipolikaribia langu na mashine ya kuchomelea, fundi, mtu mpole asiyepaza sauti hata akidaiwa kodi, alipiga ukelele uliotoa watu kwenye hoteli ya jirani na chapati mkononi.

Molasi ilikuwa agizo la fundi. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, jaza tangi, ziba, ngoja wiki moja au mbili. Ndani ya molasi kuna vitu vinavyokamata chuma kilichokwisha kugeuka kutu na kukibandua, huku vikiliacha bati zima karibu bila kuliumiza. Haina haraka, na inapenda joto, kwa hiyo tangi likahamia jikoni, kando ya meko, na mke wangu akahamia kutonisemesha. Mchanganyiko ukaanza kuchacha. Nyuki wakaja. Siafu wakaja. Ng'ombe, aliyeisikia harufu ya chakula chake ikitokea nyumba ya watu, alisukuma mlango kwa kichwa na kukutwa akilamba kifuniko cha tangi.

Siku ya kumwaga, ulitoka uji mweusi mzito, na ndani bati likaonekana la kijivu, safi kabisa. Fundi akaingiza tochi. Mwanga ukatokea upande wa pili, mahali pengi. Akaizima, akanipa pole. Kwa miaka yote hiyo, kutu ndiyo iliyokuwa tangi.

Akalijaza maji ili mvuke usipate pa kukaa, akayaacha chini kidogo ya kila tundu, akatia viraka. Halafu ikawa mbio, kwa sababu bati lililovuliwa kutu likiachwa na unyevu huanza kuota kutu mpya ukilitazama: tukalikausha kwa kompresa ya jamaa wa pancha, tukalisuuza kwa petroli yenye oili, tukalirudisha chini ya kiti.

Yaliyofuata ni madogo. Gundi ya mirija miwili ilishika kiraka cha mwisho pamoja na kidole changu. Kipande cha sabuni, ambacho petroli haikiyeyushi, kiliziba tone lililobaki mpaka Kaharati, kisha mvua ikaniogeshea barabara. Geji inaonyesha robo tangi hata tangi likiwa mezani.

Na kila mtu ana ushauri uleule mmoja: tangi lisikae tupu, lijaze. Fundi amesema, mzee wa hewa kwenye mpira amesema, hata kijana wa bodaboda amesema.

Sawa, tupige hesabu. Septemba 2023 petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita, ikafika 211.64. Miezi miwili kabla, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwa bei hiyo, kulijaza tangi langu ni zaidi ya shilingi 9,500. Mimi hununua ya mia tatu. Mia tatu haikufikisha lita moja na nusu, yaani lita zaidi ya 43 zilizobaki nilikuwa naendesha ukungu. Na Julai 2024, ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Ninaulipa kila ninaponunua, kisha napanda mlima ule, na mashimo ambayo nimeshayalipia yananitikisia kutu hadi kwenye wavu.

Mkulima wa chai kama mimi hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa kilo alizochuma, na bonasi humjia mara moja kwa mwaka, Oktoba hivi. Juma hilo matangi ya Kangari hujaa, vituo vya mafuta hucheka. Baada ya hapo karo, deni la duka, mbolea, na tunarudi kwenye ya mia tatu. Mwenye nacho hununua unga kwa bandali na mafuta kwa tangi, na gari lake halioti kutu. Sisi wa kadogo hulipa bei ileile kwa lita, kodi ileile, halafu tunalipa tena: filta, fundi, molasi, faini ya kuchelewa kwa wakwe. Hakuna risiti inayoandika hayo. Na wanaotangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi hawasemi, baada ya takwimu zao, ni kiasi gani cha kutu kimeongezwa.

Nilimweleza fundi haya yote alipokuja kudai malipo yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kila neno. Nikamwambia basi avute subira mpaka bonasi itoke, nitalijaza tangi na kumlipa siku hiyohiyo. Akasema hapana, guka, nimlipe sasa hata kama ni ya mia tatu mia tatu, kwa sababu ameshaona foleni inayoingoja hiyo bonasi, na mke wangu ameshasimama mbele kabisa.