Jinsi ya Kumtunza Mwenyekiti wa Mtaa Mpaka 2029

Mwenyekiti mnaye tayari. Alipatikana kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, na kwa kawaida mtakaa naye miaka mitano. Mbunge mtamwona kwenye runinga, waziri mtamwona kwenye msafara unaoelekea mpakani, lakini mwenyekiti mtakutana naye dukani asubuhi akinunua sukari. Ndiyo maana inafaa kujifunza namna ya kumtunza. Kiongozi asiyeulizwa huharibika, na huyu akiharibika hasara inabaki palepale kwetu Tunduma, iwe Sogea, Maporomoko, Chapwa au Mpemba.

Anza kwa kumjua ni yupi, maana watu watatu huchanganywa kila siku. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hana mamlaka ya serikali juu ya mkazi asiye mwanachama, hata kama bado tunamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, analipwa mshahara, na ndiye anayetunza kumbukumbu za vikao. Mwenyekiti amepigiwa kura, hana mshahara wa serikali, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Mtu anayefanya kazi ya kila siku bila mshahara ataishi kwa moyo wake, au kwa posho, au kwa mifuko ya wanaomhitaji. Msaidieni abaki kwenye moyo.

Ukienda kuchukua barua ya utambulisho, ya NIDA, ya dhamana au ya benki, na ukaambiwa kuna mchango, uliza kwa upole: "Mwenyekiti, huu mchango tuliupitisha kwenye mkutano gani?" Kama ulipitishwa, lipa, chukua stakabadhi, nenda. Kama ni tozo ya halmashauri, itakuwa na control namba au risiti ya mashine. Usiulize kwa hasira. Hapa kwetu barua hiyo ina uzito kuliko sehemu nyingine za nchi. Mtu wa Iringa anaulizwa jina la babu yake, wa Tunduma anaulizwa pia babu alizaliwa upande gani wa mpaka. Wanyamwanga wapo Momba na wapo Nakonde, upande wa Zambia, ndugu walewale, na mpaka uliwakuta wakiwa tayari ni ndugu. Mwenyekiti anayewafahamu wakazi wake kwa majina anaweza kumwokoa bibi mmoja na safari kumi za ofisini. Anayeuza barua anaweza kumtengenezea uraia mtu asiyestahili na kumnyima anayestahili.

Sasa tuje kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo penye kazi yote.

Kijana anayebadilisha kwacha pale karibu na kituo cha forodha haitupi noti mfukoni hivi hivi. Anaihesabu, anaigeuza, anaihesabu tena mbele yako, na wewe hukasiriki. Huo ndio utamaduni wa mji huu, na sielewi kwa nini tunauacha nje ya mlango tunapoingia mkutanoni. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbio mbio, mtu anasema "tunaunga mkono", makofi yanapigwa, na watu wanatawanyika kuwahi biashara. Uliza: zilizoingia ni ngapi? Zilitoka kwa idhini ya nani? Muhtasari wa kikao kilichopita uko wapi, na yale tuliyokubaliana yamefikia wapi? Anza na swali la muhtasari, kwa sababu mkutano usiosomewa muhtasari unaanza upya kila mara, na ahadi ya maji ya Januari inapokelewa tena Julai kana kwamba ni habari mpya.

Njoo na daftari. Andika tarehe, idadi ya waliohudhuria, kilichosemwa kuhusu maji, taka, mitaro, taa na ulinzi. Tunduma ina kiu ya maji ya miaka mingi, na kero hiyo imetajwa kwenye kampeni nyingi kuliko nyingine yoyote ninayoikumbuka. Daftari lako ndilo litakaloonyesha nani alitaja nini na lini. Mtendaji ana la kwake, nawe uwe na la kwako.

Vijijini, kule Momba, Ileje, Mbozi na Wilaya ya Songwe, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Mjini, ratiba ya mkutano wa mtaa ipo kwa mtendaji. Nenda ukaiulize, kisha uliza pia saa. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mama lishe anayewahudumia madereva kwenye foleni ya malori hawezi kuja, wala wakala wa forodha, wala bodaboda. Watabaki wale wenye nafasi, na maamuzi yatafanana na wenye nafasi. Kinamama wa sokoni wakiomba kwa pamoja mkutano uhamishiwe Jumapili alasiri, mwenyekiti mwenye akili atakubali. Asiyekubali, swali hilo nalo liingie kwenye daftari.

Haki hii ya kuuliza mkutanoni si zawadi ya mtu. Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Katiba, ibara ya 145 na 146, inasema zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nchi hii imewahi kuishi bila hizo na ikaona hasara yake.

Najua wapo waliokata tamaa, nami sitawacheka. Mwaka 2015 Tunduma ilimpeleka bungeni Frank Mwakajoka wa Chadema. Mwaka 2020 alikwenda David Silinde wa CCM, ambaye kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Chadema jirani hapo Momba. Uchaguzi wa mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Wa 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa nchini, na katikati ya kampeni zile Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa akiwa mkoani kwetu Songwe, kisha akaachiwa. Ukaja uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, na maandamano, na vifo, na intaneti kuzimwa. Mtu akiniambia baada ya hayo kwamba hataki kusikia neno kura, namwelewa kabisa. Ninachomwomba ni asiuhame na mkutano wa mtaa. Aliyepita bila ushindani wa kweli anahitaji kuulizwa zaidi, kwa sababu sanduku la kura halikumuuliza.

Kuhusu zawadi. Msimu wa uchaguzi ukikaribia utaona jezi, mipira, na kombe lenye jina la mheshimiwa. Vijana wacheze, mpira ni afya. Ila nahodha amuulize mheshimiwa mbele ya watu: uwanja wenyewe una hati, au mwakani utakuwa viwanja vya kuuza? Fedha taslimu usipokee, hata kwa ule ujanja wa kula kwa huyu na kumpigia kura yule. Aliyekupa elfu kumi atajirudishia mara mia kwenye mradi wa mtaro wenu. Takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa na sheria, lakini Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006, na ukiona mambo yamezidi, TAKUKURU wanapokea simu 113 bila malipo.

Mwenge wa Uhuru nao ukifika, usindikize. Huwa unafungua miradi na kukagua nyaraka zake, na siku hiyo hata barabara iliyosahaulika huchongwa. Andika kwenye daftari lako mradi uliozinduliwa, kisha urudi kuutazama miezi sita baadaye. Bomba likiwa limekauka, mkutano wa mtaa umepata ajenda.

Msiache pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Mwenyekiti anayejua vikundi vya mtaa wake hataruhusu kikundi hewa kipite mgongoni mwa wauza mahindi wa kweli.

Na 2029 ikifika, kumbuka kadi ya mpiga kura haitoshi. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20, na wengi waliokuwa barabarani na mizigo walirudi orodha imefungwa.

Kama kufikia hapo daftari lako limejaa kuliko la mwenyekiti, gombea. Masharti ya 2024 yalitaka miaka 21, ukazi wa mtaa husika, na udhamini wa chama. Fomu isomwe na watu wawili kabla ya kuirudisha, jina liandikwe kama lilivyo kwenye nyaraka zako zote, nakala ibaki kwako, na jina la aliyeipokea uliandike pamoja na saa. Wengi wameenguliwa kwa kosa la kujaza. Muda wa rufaa huwa mfupi sana, kwa hiyo barua ya rufaa iwe imeshaandikwa siku unayorudisha fomu.