Mtungi Juu ya Kisiwa

Ukishika barabara ya Kangundo kutoka Nairobi, ukapita Kamulu, Joska na Malaa, hukosi kupishana na pikapu iliyobeba bodi za jipsamu, mikebe ya rangi ya kijivu na kochi lililofungwa nailoni kama bibi harusi asiyetakiwa kuonekana. Mzigo huo unakwenda Tala, kwa mama, au mwaitu kwa Kikamba. Mtoto aliyepata kazi mjini, au aliyevuka bahari hadi Dallas, ameamua kwamba nyumba ya mwaitu ifanane na nyumba za watu. Picha zimeshatumwa kwa WhatsApp, pesa kwa M-Pesa, na fundi, mtu muungwana, ameuliza swali ambalo kila fundi wa mapambo huuliza: mteja anapenda nini? Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Anayejibu ni mwenye simu, na mwenye kukaa ndani ya nyumba yuko nyuma ya choo analisha kuku.

Kwangu mimi, mteja wa nyumba ni anayeikalia, si anayeilipia. Na ladha yake haiko kwenye picha wala mdomoni mwake. Iko pale anapoweka mtungi wa maji akiwa hana habari kwamba anatazamwa. Anayebisha na aende kwenye nyumba hizo miezi sita baada ya fundi kuondoka. Ataikuta nyumba iko njiani inarudi ilikotoka, polepole, bila kelele, kitambaa kimoja baada ya kingine.

Jikoni ndiko ushahidi ulikorundikana. Siku hizi jikoni hakuna ukuta. Pameungana na sebule, na katikati pamejengwa meza ya graniti ambayo mafundi wanaiita kisiwa. Tulifundishwa shuleni kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Huku Matungulu, iliko Tala, ambako mfereji unaweza kukauka wiki nzima, ni nchi kavu iliyobeba maji. Mtungi wa njano wa lita 20, uliokuja duniani ukiwa na mafuta ya kupikia, una uzito wa kilo 20 na zaidi ukijaa, na mama mwenye mgongo wa miaka 70 hataki kuinama kuuinua. Anatafuta mahali pagumu, pa usawa, panapofika kiunoni. Kwa hesabu hiyo kisiwa ni ubunifu wa hali ya juu, ila aliyekichora hakujua alikuwa anachora nini. Mwezi wa pili baada ya fundi kuondoka utakuta mitungi mitatu na ungo wa maharagwe. Vile viti virefu, ambavyo mama akivipanda miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani, vimeshahamia uani na kimoja kinashikilia beseni la kunawia mikono. Jiko la gesi linang'aa, limefunikwa kitambaa. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, unahitaji saa nyingi motoni, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuchemshia kwenye gesi. Unapikwa kwenye kijumba cha kuni kilekile ambacho fundi alishauri kibomolewe. Jikoni mwa ndani kweli mko wazi, kwa kuwa hamna cha kuficha.

Tumevitaja vitambaa, basi tuvitetee. Fundi akiingia, la kwanza ni kuviondoa kwenye makochi kwa ncha za vidole, kama anayeokota panya. Lakini kitambaa cha kufuma kinazuia mafuta ya nywele, kinapokea vumbi la Agosti, kinafuliwa Jumamosi na kukauka kabla ya adhuhuri. Kochi jeupe halianikwi kwenye kamba. Tena makochi yenyewe yamepungua. Seti ya zamani, ya watu saba, ilipangwa kuzunguka kuta kwa sababu chama cha akina mama kinakutana nyumbani kwa zamu, na kukitokea msiba nyumba inapokea kijiji kizima. Kochi jipya lenye kona ni la watu watano, na wawili kati yao lazima wawe wanapendana.

Najua nitaambiwa mwenye pesa si mwenzako: aliyelipa ndiye achague. Sawa, lakini hata anayelipa na kukaa mwenyewe anaweza kunyang'anywa nyumba na ladha ya mtu mwingine. Edith Farnsworth, daktari wa Chicago, alijengewa nyumba ya vioo karibu na mji wa Plano, Illinois, na msanifu mkubwa Mies van der Rohe. Ilikamilika mwaka 1951, na leo wanafunzi wa usanifu wanaitazama kwa heshima kama waliofika hija. Mteja na msanifu walifikishana mahakamani. Mwaka 1953 daktari huyo aliliambia jarida moja kwamba haweki ndoo ya taka chini ya sinki, kwani jiko lote linaonekana kutoka barabarani na ndoo ingeharibu sura ya nyumba. Mwaitu wa Tala amemshinda daktari: yeye mtungi ameuweka.

Wengine watasema nautetea umaskini, kwamba nataka mama azeeke kwenye sakafu nyekundu ya sementi chini ya kalenda ya mwaka juzi. Hapana. Dari ya jipsamu ni neema. Mvua ikipiga mabati, sasa mnasikilizana. Na ukimuuliza mama mwenyewe anachotaka, huenda akadai mapazia ya zambarau yenye mashada ya dhahabu na picha ya mahafali yako yenye ukubwa wa mlango. Itakutia haya kuliko mtungi. Ni haki yake.

Wala kupamba kwa ajili ya anayekaa si ushamba. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, zile zidaka (vishubaka vya ukutani) za lipu zilizochongwa kwa ustadi hazikuwekwa barazani wapita njia wazione. Zilijazana ndani kabisa, kwenye chumba cha wenye nyumba. Nyumba njema si mlango, husema methali, na watu wa Lamu waliyachukua maneno hayo kama vipimo vya ujenzi. Sisi tumegeuza: sebule ya wageni inabadilisha rangi za taa kama disko, chumbani kwa mama balbu inaning'inia kwenye waya. Na ukutani pametundikwa twiga wa plastiki, ilhali Wamunyu, kaunti hii hii ya Machakos, watu wanachonga twiga wa mti tangu Mutisya Munge aliporudi na ujuzi huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Fundi simlaumu sana; anafanya kazi kwa picha alizotumiwa. Namwomba tu, kabla ya kutoa futi ya kupimia, akubali chai na akae saa mbili akitazama vitu vinawekwa wapi. Na wewe uliye Nairobi au Dallas, usibonyeze kutuma pesa bado. Mpigie mwaitu, umuulize mtungi utakaa wapi.